Sura ya Sita: Kazi ya Mtu wa Kuondoka

Mwanafunzi wa chuo kikuu ni mkazi wa muda. Huja na begi na godoro, hukodi chumba kulingana na mfuko wa mzazi wake, huzoeana na mama muuza chapati hadi akaaminiwa kukopeshwa, na baada ya miaka minne huvaa joho, hupiga picha na jamaa zake, kisha hupanda matatu. Mji uliomlea hubaki pale pale ukisubiri wa mwaka ujao. Kwa Vonza, katika kaunti ya Kitui, ni mji wa namna hiyo, na wenyeji wake wamezoea kuagana. Tangu nisome huko nimelibeba swali moja: mtu anayejua fika kwamba ataondoka anafaa kuwafanyia kazi gani watu watakaobaki?

Wengi hulijibu haraka. Chama cha wanafunzi hukodi basi, hununua miche, huipanda Jumamosi moja na jioni wote wako bwenini. Moyo uliowaamsha Jumamosi asubuhi ni moyo mwema na sitausema vibaya. Lakini Kitui ni nchi kavu. Mche uliopandwa mvua zikiwa zinaisha hauishi bila mtu wa kuumwagilia, na maji ya kuumwagilia hutoka kwenye mtungi ambao mama fulani ameubeba mgongoni, kamba ikimkaza kipaji cha uso, kutoka mtoni hadi kwake. Mgeni amepanda, mwenyeji ameongezewa mzigo. Huduma inayomwongezea kazi anayehudumiwa bado haijawa huduma.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa kila mwanafunzi wa Kwa Vonza aambiwe siku ya kuripoti. Kabla ya chuo kikuu kuwepo, ardhi ile ilikuwa ya Ukamba Agricultural Institute, ambayo wenyeji waliiita Ukai kwa kifupi. Ukai ilitokana na harambee, enzi ambazo Wakenya walichanga mbuzi, kuku na shilingi ili watoto wao wapate vyuo ambavyo serikali peke yake isingeweza kuvijenga. Mwaka 2008 ikageuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Machi 2013 Rais Mwai Kibaki akakipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, South Eastern Kenya University, SEKU. Wengi waliochanga hawakuwahi kuketi katika darasa lolote la pale. Mwanafunzi anayetoka langoni kwenda kuwasaidia majirani anaanza kulipa deni ambalo hakujua kuwa analo.

Mimi nilitoka Malindi. Mfumo wa serikali wa kuwapangia wanafunzi vyuo ulinileta Ukambani bila mimi kuujua mkoa wala lugha, na mlango wangu wa kuingilia jamii ile ulikuwa mama mwenye nyumba niliyokodi. Jioni moja aliniambia, "Mwanangu, kesho hutamkuta mtu hapa. Sote tunashinda mtoni, tuna mwethya. Ukitaka kuja, vaa viatu vya kufunga." Nikavaa viatu vya kufunga.

Mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba, na ina sheria zake. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Jina lako huitwa asubuhi, na usipokuwepo bila sababu unatozwa faini. Kazi hugawanywa kwa vipimo vya hatua na kila mtu huona kipande chake. Kwa asili ilikuwa namna ya majirani kulimiana mashamba na kujengeana nyumba, lakini historia imeipitisha mahali pagumu. Miaka ya 1930, Colin Maher, afisa wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia udongo, aliieleza wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Dawa ya serikali ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu, na serikali ikalegeza. Baadaye matuta yalichimbwa kwa amri ya machifu, na kazi ya kulazimishwa ikachukiwa kama inavyostahili kuchukiwa.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Baada ya amri kuondoka, watu wale wale walichimba matuta mengi zaidi kwa hiari yao, katika vikundi vyao, wengi wao wanawake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipoichunguza Machakos na kuchapisha matokeo mwaka 1994 katika kitabu *More People, Less Erosion*, walionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa imeongezeka takriban mara tano tangu miaka ya 1930, ilhali ardhi ilikuwa na hali nzuri kuliko awali. Mtindo wa kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu wa mteremko hujulikana kwa jina la fanya juu hata katika vitabu vya kilimo vya nchi za mbali. Kwa hiyo mwanafunzi anapofika mtoni na mtaimbo wake wa kuazima, anaingia katika kazi iliyoanza kabla ya babu yake, yenye mabingwa wake na kumbukumbu zake. Hakuna pengo linalomsubiri yeye alijaze. Lazima apewe nafasi.

Mwethya wetu ulikuwa unajenga bwawa la mchanga. Nieleze linavyofanya kazi, kwa sababu watu wa Pwani na wa mijini wanaposikia bwawa hufikiria ziwa. Mito mingi ya Kitui na Makueni hupitisha maji siku chache tu katika mwaka, mvua kubwa zikinyesha, na siku nyingine zote ni barabara ya mchanga. Ukikinga mto kama huo kwa ukuta wa mawe na saruji ulioshikwa na mwamba wa chini, mafuriko yanapokuja hubeba mchanga na tope. Mchanga ni mzito, hutua nyuma ya ukuta. Tope ni jepesi, hupita juu ya ukuta na kwenda zake. Msimu baada ya msimu mchanga hujaa hadi ukingoni, na katikati ya chembe zake maji hukaa. Katika mchanga wa chembe kubwa, robo ya ujazo au zaidi ni maji. Yaani kila mita nne za ujazo za mchanga zinaweza kukupa lita elfu moja, mitungi 50 ya lita 20. Jua haliyafikii, kwa kuwa sehemu ya juu ikishakauka huyafunika yaliyo chini. Mbu hawana pa kutagia. Ng'ombe hawayakanyagi. Akina mama huyachota kwa kufukua shimo au kwa kisima chenye pampu ya mkono kilichochimbwa kando ya mto.

Mhandisi mmoja wa serikali ya kikoloni aitwaye Classen alijenga mabwawa ya aina hii Machakos miaka ya 1950. Lakini yaliyoenea ni yale ya vikundi: Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianza eneo la Kola mwaka 1978, na Kitui ikaja taasisi ya SASOL, ambayo tangu katikati ya miaka ya 1990 imejenga na jamii mamia ya mabwawa, moja baada ya jingine katika mto mmoja, ili maji yapande kwenye kingo za bonde zima. Utaratibu ni ule ule karibu kila mahali. Mfadhili huleta saruji, vyuma na fundi. Kikundi huleta mawe, mchanga, maji na mikono, na kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa, matuta ya mashamba yanayoelekea mtoni yawe yamechimbwa. Bila matuta, tope litajaa mahali pa mchanga, na bwawa la tope halikupi maji.

Siku ile ya kwanza nilibeba mawe. Tulipanga mstari kutoka kilimani hadi mtoni, jiwe likapita mkono kwa mkono, na nyimbo zikishika kasi mawe nayo yalishika kasi. Shimo la msingi lilikuwa limefika kina cha kumzidi mtu. Fundi alishuka na mtaimbo, akawa anapiga chini hapa na pale akisikiliza, mpaka mahali pamoja chuma kilipolia. Akapiga tena, kikalia tena. Wanawake wakapiga vigelegele, maana mlio ule ni mwamba, na ukuta usiokalia mwamba maji hupita chini yake. Ukuta ulipoinuka, ilibidi umwagiliwe kila siku kwa wiki kadhaa ili saruji ishike vizuri. Fikiria hilo: katika msimu wa kiangazi, watu wanaotembea saa nzima kutafuta maji ya kunywa wanayamwaga juu ya ukuta kwa imani kwamba mvua ijayo itawalipa. Sijaona tendo la akiba lililo kubwa kuliko hilo, nami nimefanya kazi jirani na mabenki.

Kikundi kilikuwa na katibu mzee, mama ambaye kila mtu alimwita susu, yaani bibi. Macho yake yalikuwa yamechoka. Wiki chache baada ya mimi kuanza kwenda, aliniita kando, akatoa daftari la mahudhurio lililofungwa kwa kitambaa na kunikabidhi. "Wewe andika," alisema. "Mimi nitakuambia nani amekuja na nani amesema uongo kwamba anaumwa." Nilipomaliza ukurasa wa kwanza aliupitisha kwa jirani yake ausome kwa sauti, mbele ya wote, jina kwa jina. Hapo ndipo alipotikisa kichwa na kusema, "Mũvea." Asante. Nimepokea vyeti kadhaa maishani. Hakuna kilichonipa furaha ya neno lile, kwa kuwa daftari la mwethya ndilo haki ya kila mtu. Humo ndimo linamojulikana jasho la nani limeingia ukutani, na ndilo linaloamua ugomvi wa maji miaka kumi baadaye.

Daftari lile ndilo lililonifungua macho kuhusu swali langu la mwanzo. Mawe yangu yangebebwa na mtu mwingine. Mikono ya mwanafunzi ni minyonge kuliko ya mwanamke wa Kitui aliyelima tangu utotoni. Nilichoweza kuleta kilicho kigeni na chenye manufaa ni kuandika kwa mpangilio na kupima, na vitu hivyo viwili vina sifa njema: vikifanywa sawasawa, vinaweza kuachwa. Kipimo kilichoandikwa leo hakimhitaji aliyekiandika kesho.

Basi tukaanza kupima. Kulikuwa na kisima cha zamani kando ya bwawa jingine juu ya mto, lililojengwa miaka kadhaa kabla. Nilifunga jiwe kwenye kamba, nikaweka fundo kila nusu mita, na kila Jumapili, mimi au mtoto wa mama mwenye nyumba, tukaiteremsha kutoka mdomo wa kisima hadi ikagusa maji. Tarehe, kina, mvua ilinyesha au haikunyesha, mitungi mingapi imechotwa kwa makadirio ya mlinzi wa pampu. Ni kazi ndogo isiyo na sherehe. Chuoni tulifundishwa fomula za mtiririko wa maji ardhini, na ninawashukuru walimu waliotufundisha, lakini fomula ilipata uhai nilipoona kwa kamba yenye mafundo kwamba maji hushuka polepole Januari na Februari, kisha kwa kasi kuanzia Julai, kiangazi kirefu kinaposhika na mifugo ya mbali inapoletwa. Watu walijua hayo. Walikuwa hawajawahi kuyaona yamepangwa kwenye ukurasa mmoja.

Niseme jambo la Malindi, kwa kuwa ndilo lililonifanya nisichukulie kazi ile kama ya wageni. Mto Athi hupita katikati ya kaunti hizi mbili, Kitui upande mmoja na Makueni upande wa pili, kisha hupinda kuelekea mashariki, huitwa Galana, na mwisho huitwa Sabaki na kumwaga maji baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Kila mtoto wa kwetu anaijua bahari inayogeuka rangi ya chai ya maziwa mvua za bara zinaponyesha. Tulikuwa tukisema mto umeleta uchafu. Ule haukuwa uchafu, ulikuwa mashamba. Wanasayansi walitoboa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 na kupima madini katika tabaka zake, wakachapisha mwaka 2007: kwa karne mbili tope lilikuwa la wastani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20, ukoloni na kilimo kipya viliposhika kasi bara, likaongezeka sana na halikurudi chini. Nilipoyasoma hayo katika maktaba ya Kwa Vonza, nilikuwa na malengelenge ya kuchimba fanya juu mikononi. Udongo niliokuwa nauzuia Kitui ni ule uliokuwa ukiyafunika matumbawe ambayo wavuvi wa kwetu wanayategemea.

Mwaka wa tatu rafiki yangu aliyesomea tawi la chuo chetu mjini Wote alinialika Makueni, na huko nikaona upande mwingine wa mchanga. Ukuaji wa Nairobi hula mchanga bila kushiba. Malori yameuchota katika mito ya Ukambani kwa miongo mingi, na mto ukishachotwa hadi mwamba hauna mahali pa kuweka maji tena. Vijana waliopakia malori walilipwa kidogo, mama zao wakapoteza visima. Mwaka 2015 bunge la kaunti ya Makueni lilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Watu walioniongoza kando ya mito walizungumza kuhusu sheria hiyo kama jambo lao wenyewe, lililowagharimu.

Makueni ya wakati huo iliongozwa na Kivutha Kibwana, profesa wa sheria aliyekuwa gavana kuanzia 2013 hadi 2022, na sifa yake kubwa ilikuwa namna watu walivyoshirikishwa. Katiba ya 2010 inaitaka kaunti yoyote kuwasikiliza wananchi, lakini kaunti nyingi huita mkutano mmoja hotelini na kuhesabu waliokula. Makueni walianzia kijijini, na vijiji vyenyewe ni zaidi ya elfu tatu. Kila kijiji hujadili kinachohitaji, huchagua watu wa kukisemea ngazi ya juu, na mapendekezo hupanda ngazi baada ya ngazi hadi makao ya kaunti. Mradi ukianza, kamati ya wenyeji huusimamia, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo iridhike.

Rafiki yangu alikuwa akitumia likizo zake kufanya kazi moja tu. Karatasi za bajeti huja kwa Kiingereza cha ofisini, nzito na ndefu. Yeye alikaa na kamati ya kijiji chao chini ya mwembe na kuzieleza kwa Kikamba, mstari kwa mstari, hadi mzee wa mwisho aelewe fedha za kisima ziliandikwa wapi na kwa mwaka upi. Hakuwaambia waamue nini. Nilimwona mzee mmoja akiweka kidole juu ya tarakimu na kuuliza, "Hii ndiyo ile ya mwaka jana, au wameileta tena?" Ilikuwa ile ya mwaka jana. Kwa maoni yangu, saa mbili zile chini ya mwembe zilikuwa na thamani kuliko semina yoyote ya uongozi niliyohudhuria.

Kuna kazi moja zaidi ambayo siwezi kuiacha, kwa sababu katika nchi hii watu wamekufa kwa kukosa kitu kidogo sana. Mwaka 2004 Makueni na Kitui zilikuwa kitovu cha mlipuko wa sumu ya aflatoksini, mmoja wa mibaya zaidi kuandikwa duniani. Watu 317 waliugua na 125 wakafa. Wengi walikuwa wamekula mahindi yao wenyewe. Ukame ulikuwa umeyanyong'onyeza shambani, mvua ikanyesha wakati wa kuvuna, na kwa hofu ya wezi watu wakayaweka ndani ya nyumba wanamolala yakiwa bado na unyevu. Kuvu ya Aspergillus ikapata joto na maji. Sumu yake haiondolewi kwa kupika, na huliharibu ini: macho hugeuka manjano, tumbo huvimba. Zaidi ya nusu ya sampuli za mahindi zilizopimwa sokoni zilizidi kiwango kilichoruhusiwa. Mama mwenye nyumba yangu aliwafahamu watu waliozika wawili katika wiki moja.

Mashine ya kupima unyevu wa nafaka ni ghali, na hata chuo kikiileta kijijini, itarudi na mwanafunzi. Lakini ipo njia ya chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, yenye kifuniko. Kausha chumvi ya kawaida juani au kwenye kikaango mpaka isishikane. Tia kiganja cha chumvi, tia mahindi hadi nusu ya chupa, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Ikianguka yote chini bila kuacha alama, yamekauka kiasi cha kuhifadhiwa. Sisi wanafunzi wachache tuliipeleka njia hiyo kwenye mikutano ya mwethya msimu wa mavuno, na kila mara nilisisitiza mtu wa kikundi ndiye atikise chupa, mimi nikiwa nimekaa. Nilieleza pia kwamba kukoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi, chakula wanachokipenda sana, hupunguza sehemu ya sumu iliyo kwenye ganda, lakini hakuwezi kuyaokoa mahindi yaliyokwisha kuoza. Susu alitaka kujua kwa nini ni chumvi na si kitu kingine. Nilimweleza jinsi chumvi inavyovuta maji hewani, akasema ndiyo maana mtungi wake wa chumvi hulia machozi mvua zikikaribia. Wiki iliyofuata nilimkuta akiwafundisha wajukuu wake, na alikuwa ameongeza jambo lake: chukua mahindi kutoka katikati ya gunia, maana ya juu hukauka mapema na yatakudanganya.

Bwawa letu lilichukua muda wake. Mafuriko ya Novemba yalijaza theluthi moja hivi, ya Aprili yakawa haba, ya mwaka uliofuata yakaleta mchanga mwingi. Fundi alikuwa ametueleza mapema kwamba mto ndio unaoamua: mwingine hujaza kwa mvua moja, mwingine huchukua misimu mitatu au minne. Mimi nilihitimu kabla halijajaa. Sikuhuzunika kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimeshakubali kwamba kalenda ya chuo na kalenda ya mto ni mbili tofauti, na kwamba mwanafunzi anayeng'ang'ania kuona tunda kabla ya kuondoka ndiye anayeishia kupanda miche ya Jumamosi moja.

Tulichofanya miezi ya mwisho ni makabidhiano. Daftari la mahudhurio lilikwenda kwa msichana wa kidato cha pili, mjukuu wa susu, mwenye mwandiko safi kuliko wangu. Kamba yenye mafundo na daftari la kisima vilikwenda kwa mtoto wa mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa akipima nami tangu mwanzo na alishanisahihisha mara kadhaa. Chupa haikuhitaji kukabidhiwa, kila nyumba ina yake. Wanafunzi wa mwaka wa pili waliokuja nyuma yetu waliambiwa mambo mawili na mwenyekiti: wasianzishe kitu kipya kabla ya kubeba mawe msimu mzima, na wakitaka kuandika, waandike katika daftari la kikundi, si la chuo. Naona vyuo vyote vingefaa kuwapa wanafunzi masharti hayo hayo.

Mama mwenye nyumba bado hunipigia simu. Mara moja alinieleza kwamba kikundi kilikuwa kimekwenda kwenye mkutano wa wadi kuomba bwawa la pili chini ya lile letu, na vikundi vingine navyo vilikuwa na maombi yao, kila kimoja kikieleza shida yake kwa uchungu. Zamu yao ilipofika, mjukuu wa susu alisimama na daftari la kisima. Alisoma kina cha maji cha kila Jumapili kuanzia Julai hadi Oktoba, miaka mitatu mfululizo, na wiki ambayo kila mwaka kamba iligusa mchanga mkavu. Afisa wa maji aliomba alione. Akalifungua, akauliza ni nani aliyewafundisha kupima namna hiyo, na msichana akamjibu kwamba wao hupima hivyo.